Deni na Utashi: Kitenzi 'shall' cha Kiingereza na Kiambishi -ta- katika Kiswahili cha Sheria



Nilipoalikwa kutoa mhadhara huu niliombwa nichague mada inayohusu taaluma za Kiswahili. Yamkini baadhi yenu mmeshangaa kuona kwamba nimechagua kitenzi cha Kiingereza. Sababu yangu ni nyepesi. Viko vitenzi vya Kiingereza ambavyo, kwa njia ya tafsiri, vimeingia katika maisha yetu bila kubisha hodi, na miongoni mwa hivyo sikijui kinachogusa haki na mali ya mtu zaidi ya kitenzi kisaidizi 'shall'. Kimo katika katiba, katika sheria, katika hati za pango na mikataba ya kazi. Waingereza wa kawaida wamekwisha kukipunguza sana katika mazungumzo yao. Wanasheria wao walibaki nacho, nasi tukakirithi kutoka kwa wanasheria.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, mlinzi wa usiku, aliniletea mkataba wake wa kazi nimsomee. Ulikuwa na nakala mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili. Aya mojawapo ya nakala ya Kiswahili ilisema kwamba mwajiri atampatia mfanyakazi nyumba ya kuishi au posho ya nyumba. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita na hakuwa amepata nyumba wala posho. Alipouliza, aliambiwa kwamba mkataba unasema 'atampatia', haukusema lini, basi avute subira. Nikatazama nakala ya Kiingereza: 'shall provide'. Mtu anayejua Kiingereza cha mikataba haoni hapo ahadi ya baadaye, anaona wajibu ulioanza siku ile ile karatasi ilipotiwa saini. Lakini jirani yangu alikuwa ameisoma nakala ya Kiswahili, na ndiyo aliyosomewa hata alipolalamika. Siwezi kusema kwamba mwajiri yule alikiuka sarufi. Kiambishi -ta- ni cha wakati ujao, na wakati ujao hauna ukingo. Swali ni kwamba, ule wajibu uliokuwamo katika Kiingereza ulipotelea wapi?

Ili kujibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia ya lugha zote mbili.

Katika Kiingereza cha kale, umbo 'sceal' halikuwa alama ya wakati. Lilikuwa kitenzi kamili chenye maana ya kuwa na deni: mtu alidaiwa fedha, au alidaiwa tendo. Ndugu yake wa Kijerumani, 'sollen', bado ana maana ya kupaswa, na nomino yenye asili hiyo hiyo, 'Schuld', hadi leo humaanisha deni na pia hatia. Kutoka katika deni la mali ilizaliwa maana ya wajibu, na kutoka katika wajibu ikazaliwa maana ya wakati ujao, kwa kuwa jambo unalodaiwa kulitenda ni jambo ambalo hujalitenda bado. Mwenzake, 'will', alifuata njia nyingine. Asili yake ni kutaka. Kwa hiyo Kiingereza kilipata njia mbili za kuusemea wakati ujao, moja ya mdaiwa na nyingine ya mwenye utashi. Mwaka 1653 mwanahisabati John Wallis, ambaye aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, alijaribu kuwagawia kazi: 'shall' katika nafsi ya kwanza litabiri tu, na 'will' katika nafsi hiyo liahidi au litishe, katika nafsi ya pili na ya tatu mambo yageuke. Kanuni hiyo ilifundishwa shuleni kwa vizazi vingi, hata katika makoloni, na walimu wetu wazee wanaikumbuka kwa sababu ya bakora. Sidhani kama iliwahi kufuatwa kikamilifu na wenye lugha. Winston Churchill alipolihutubia Bunge la Uingereza tarehe 4 Juni 1940 na kurudia mara nyingi katika nafsi ya kwanza wingi kwamba watapigana, alitumia 'shall', umbo ambalo kwa kanuni ya Wallis ni la utabiri mtupu. Hakuna aliyemsikiliza akadhani kwamba anatabiri.

Sasa tugeukie Kiswahili. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamekubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba kiambishi chetu cha wakati ujao -ta- kimetokana na kitenzi -taka. Ushahidi hauko mbali. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kwamba tunasema 'atakuja', lakini tukitia kirejeshi, kiambishi hurefuka: 'atakayekuja', 'watakapofika', 'kitakachotokea'. Ile silabi -ka- haikuchomekwa kwa ajili ya kirejeshi. Ni mabaki ya kitenzi cha zamani, yaliyohifadhiwa mahali ambapo mmomonyoko wa sauti haukufika. Anayesema 'nitakwenda', katika tabaka la chini kabisa la lugha yake, anasema anataka kwenda.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, kwa kuwa ndilo kiini cha mhadhara. Kwa asili, -ta- si ndugu wa 'shall' hata kidogo. Ni ndugu wa 'will'. Mfasiri anapoweka -ta- mahali pa 'shall' anachukua neno la mdaiwa na kulibadilisha kwa kiambishi cha mwenye hiari. Sisemi kwamba maneno hubaki na maana za mababu zao, la hasha. Hoja ya namna hiyo ingetufanya tudai kwamba hakuna Mwingereza awezaye kutumia 'will' bila kutaka. Ninachosema ni kwamba katika Kiingereza cha sheria maana ya deni haikufa. Ilitunzwa kwa makusudi, na kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa kuitazama. Katika -ta- hakuna aliyetunza chochote.

Je, Kiswahili hakikuwa na kitenzi chao cha deni? Kilikuwa nacho na bado kinacho. Tuna kitenzi -wia, yaani kuwa na dai juu ya mtu, na umbo lake la kutendwa -wiwa, yaani kudaiwa. Wengi wetu leo tunalisikia makanisani, msemaji anaposimama na kusema kwamba anawiwa kushukuru, au anawiwa kusema neno. Hapo mtu hadaiwi shilingi. Deni la fedha limegeuka kuwa wajibu wa tendo, kwa njia ile ile iliyopitwa na 'sceal'. Tofauti ni kwamba 'sceal' iliendelea mpaka ikawa kitenzi kisaidizi, na -wiwa imesimama njiani. Sipendekezi tuiingize katika sheria. Ingesikika kama mahubiri. Nimeitaja ili tusije tukasema kwamba dhana yenyewe ni ngeni kwetu.

Ni haki pia kukiri kwamba -ta- huweza kuamuru. Mama anamwambia mwanawe, 'Kesho utaamka mapema, utakwenda kwa shangazi yako, utamwambia nimekusalimu, halafu utarudi na lile gunia.' Mtoto hasikii utabiri hapo. Watu wenye kutetea -ta- katika sheria huutumia mfano wa namna hii, nao una nguvu. Lakini tujiulize nguvu ya amri hiyo inatoka wapi. Inatoka katika sauti ya mama, katika macho yake, na katika kujua kwa mtoto nini hufuata asipokwenda. Ukiondoa hayo yote ukabaki na sentensi kwenye karatasi, unabaki na habari ya kesho. Sheria ni karatasi isiyo na macho.

Wafasiri wa Biblia walilitambua tatizo hili mapema. Amri Kumi katika Kiingereza cha mwaka 1611 zimejaa 'shalt'. Waliotayarisha Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 hawakuzitia -ta-. Hawakuandika 'hutaua' wala 'hutaiba', ambayo yangesikika kama pongezi kwa mtu mwema. Walitumia dhamira tegemezi yenye kikanushi -si-, na hakuna Mswahili aliyewahi kusoma amri hizo akadhani ni utabiri. Ajabu ni kwamba wafasiri wa sheria, ambao nao walifanya kazi ya amri, hawakuiga mfano huo.

Niingie sasa katika sheria zenyewe. Nchini Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, katika kifungu cha 53 cha Toleo la mwaka 2002, ilieleza kwamba neno 'may' likitumika katika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka hayo ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia. Na neno 'shall' likitumika katika kutoa jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Fasili hiyo yenyewe, kwa bahati mbaya au nzuri, imeandikwa kwa 'shall', kwa hiyo neno linajishikilia lenyewe kama mtu anayejinyanyua kwa nywele zake. Hata hivyo Mahakama ya Rufani, katika rufaa moja ya jinai ya mwaka 2006, ilisema kwamba 'shall' katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai si amri isiyopinda kila mahali. Husomwa pamoja na kifungu cha sheria hiyo hiyo kinachohusu makosa ya utaratibu ambayo hayakuleta dhuluma. Kwa maneno mengine, hata palipo na fasili iliyoandikwa, wajibu una madaraja.

Kenya imetupa mfano mzito zaidi. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 81, inasema kwa 'shall' kwamba wajumbe wa vyombo vya umma vya kuchaguliwa wasizidi thuluthi mbili kutoka jinsia moja. Je, agizo hilo lilipaswa kutimizwa katika uchaguzi wa mwaka 2013, au lingeweza kutimizwa hatua kwa hatua? Tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa maoni ya ushauri. Majaji walio wengi walieleza kwamba 'shall' huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi yenyewe imekamilika kwa sura yake na inaweza kutekelezwa bila maandalizi zaidi. Kwa Bunge la Taifa na Seneti waliona utekelezaji ni wa hatua kwa hatua, wakaweka tarehe 27 Agosti 2015 kuwa ukomo wa kutunga sheria inayohitajika. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Ukomo ulipita, ukaongezwa mwaka mmoja, ukapita tena. Mnamo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa. Nusu ya raia wa nchi wamesubiri juu ya kitenzi kisaidizi kimoja, na hoja ya walio wengi ya mwaka 2012, ukiitazama kwa jicho la mwanaisimu, ni hoja ya kukisoma 'shall' karibu sana na -ta- yetu: litakuwa, lakini si sasa.

Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 259, inasema kwamba nakala za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu. Kwa hiyo nchini Kenya kosa la mfasiri lina dawa, ingawa ni dawa iliyo katika lugha ambayo raia wengi hawaisomi kwa urahisi. Kwa Tanzania hali imebadilika. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibakizwa kwa mazingira maalumu. Nalishangilia jambo hilo kama kila mpenzi wa Kiswahili. Lakini lina matokeo ambayo ni sisi wanaisimu, si wanasheria, tunaopaswa kuyaona kwanza.

Kanuni ya kifungu cha 53 inazungumzia neno. Husema: neno hili likitumika, maana yake ni hii. Sasa katika Kiswahili ni neno gani litakalobeba maana hiyo? Kiambishi -ta- si neno. Ni mofimu isiyojitegemea, iliyofichwa baina ya kiambishi cha nafsi na mzizi, na inatokea katika kila kitenzi cha wakati ujao, kiwe cha wajibu au cha habari. Huwezi kutunga kifungu kinachosema kwamba pote palipo na -ta- pana lazima, kwa sababu sheria hiyo hiyo itasema 'Mahakama itakaporidhika' na 'mtu atakayepatikana na hatia', na hakuna anayelazimishwa kupatikana na hatia. Kiingereza kiliweza kuifungia amri ndani ya neno moja linaloonekana. Kiswahili, kwa umbo lake, hakiwezi kufanya hivyo kwa njia ya njeo. Inabidi kifanye kwa msamiati au kwa dhamira.

Tatizo jingine ni kwamba 'shall' ya Kiingereza cha sheria imebebeshwa kazi nyingi mno, na si zote ni za wajibu. Inatumika kutaja jina la sheria, kuanzisha cheo, kuweka sharti la kustahili, kukataza, na wakati mwingine kutabiri tu. Wafasiri wetu wamezitia -ta- zote. Tunasoma kwamba sheria hii itaitwa Sheria fulani. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, kwa utani, sasa hivi inaitwaje. Jibu la uaminifu ni kwamba tulipaswa kuandika 'inaitwa'. Tunasoma katika Ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 kwamba kutakuwa na Rais. Hapo nakiri kwamba -ta- inasikika vizuri, kwa kuwa katiba inaanzisha cheo na kukitazamia kisikome. Sikioni kisa cha kubadilisha. Lakini palipo na mtu mwenye jukumu, kama vile mwajiri, mpangishaji, ofisa wa serikali, hapo ndipo -ta- inapompa mwanya.

Wenzetu wenye Kiingereza chenyewe wamechoka nayo. Afrika Kusini, katika Katiba yake ya mpito ya mwaka 1993, ilitumia 'shall'. Katika Katiba ya mwaka 1996 ilitumia 'must' kwa wajibu. Marekani iliziandika upya kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai za mahakama zake za shirikisho, zikaanza kutumika Desemba 2007, na 'shall' ikaondolewa humo. Itakuwa kichekesho iwapo sisi tutaendelea kutafsiri kwa unyenyekevu kitenzi ambacho wenyewe wanakitupa.

Na hatuna upungufu wa maneno. Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo. Lugha hii imezungumzia wajibu kwa karne nyingi kabla ya kuiona sheria ya Kiingereza. Mtoto aliyepita chuoni katika mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, alijifunza mapema kwamba matendo ya mwanadamu yana daraja tano: faradhi, ambayo kuiacha ni dhambi, sunna, yenye thawabu lakini isiyo na adhabu, mubaha, ambayo ni ya hiari, makuruhu, inayochukiza, na haramu. Tena alijua kwamba faradhi ziko mbili, ile aini inayomkaa kila mtu shingoni, na ile kifaya ambayo wakiitekeleza baadhi, wengine wameondokewa nayo, kama kumzika maiti. Muulizeni mtunzi yeyote wa sheria za bunge iwapo 'shall' yake inambana kila mjumbe wa bodi au inatosha mmoja akitenda. Kiingereza hakimpi neno. Sisemi tuzihamishe istilahi za dini zikatumike katika sheria ya nchi yenye watu wa imani mbalimbali. Nasema akili ya kupima wajibu imo katika lugha, na matunda yake yamekwisha kutawanyika katika Kiswahili cha kila mtu. 'Lazima' ina ukali wake. 'Wajibu' ina heshima. 'Sharti' ina hali ya jambo linalotangulia jingine. 'Hana budi', ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni kusema hana pa kukwepea, ni ya kumfungia mtu njia. Na 'kupasa' ni mzizi wetu wa Kibantu, laini kidogo, unaofaa kwa jambo linalostahili.

Kwa maoni yangu, basi, jukumu la kisheria liandikwe kwa 'lazima' ikifuatwa na dhamira tegemezi: 'Ni lazima mwajiri ampatie mfanyakazi nyumba.' Wapo watakaosema kwamba ni nzito, na kwamba sheria yenye 'lazima' mia mbili itachosha masikio. Na ichoshe. Yenye -ta- mia mbili haikumchosha mwajiri yule.

Limebaki jambo la ukanushi, na hili linatisha kuliko yote, kwa kuwa hapa hata maneno mazuri hutusaliti. Chukueni sentensi ya hati ya pango: 'Mpangaji hapaswi kufanya matengenezo ya paa.' Ina maana gani? Mmoja atasema amekatazwa kugusa paa. Mwingine atasema amesamehewa, paa ni kazi ya mwenye nyumba, lakini akitaka kulitengeneza ni hiari yake. Wote wawili wanajua Kiswahili. Ukanushi katika 'hapaswi' unaweza kuangukia wajibu, ukauondoa, au ukaangukia tendo, ukalikataza. Kiingereza hutenganisha mambo hayo kwa vitenzi viwili tofauti, nacho Kiswahili kinaweza kuyatenganisha kwa mahali pa kukanushia: 'si lazima afanye' ni hiari, 'ni lazima asifanye' ni katazo. Tofauti yote imo katika silabi -si- na mahali ilipokaa. Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi ile ya paa, yenye 'shall not' katika Kiingereza. Zaidi ya mmoja aliandika 'hatafanya', wengine 'hapaswi', wengine 'haruhusiwi'. Tulipojadiliana ilionekana kwamba walioandika 'hapaswi' hawakukubaliana hata wao kwa wao kuhusu walichokiandika. Niliwaambia waandike 'ni marufuku mpangaji kufanya matengenezo ya paa', na mmoja akauliza iwapo mvua ikinyesha ndani mpangaji akae tu. Hilo lilikuwa swali la sheria, nikampeleka kitivo cha jirani.